Maswali ya Wasomaji: Kilo Inapokaa Mbali na Habu

Barua nyingi mwezi huu zimegusa jambo moja: kupunguza uzito wa vitu vinavyozunguka kwenye gari la mbio. Rimu, matairi, flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini), diski za breki, puli. Tumezijibu pamoja kwa kuwa jibu la moja linasaidia kuielewa nyingine.

Swali: Shikamooni. Nina Impreza WRX ya manyuali, naishi Mbezi Beach. Nilitoa rimu za inchi 17 zenye tairi 215/45 nikafunga za inchi 18 zenye tairi 225/40. Gari limependeza, lakini sasa linajivuta likiondoka na kwenye matuta linagonga vibaya. Wenzangu wanasema kilo moja ya rimu ni sawa na kilo kumi za bodi, eti ni kama nimepakia watu wawili na mizigo yao. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Kwamba gari limekuwa zito, umehisi sawasawa. Hiyo hesabu ya kilo kumi ndiyo si kweli, na tunaisema wazi kwa sababu imewafanya vijana wengi wamwage pesa pasipostahili.

Kilo iliyo kwenye bodi inasukumwa mbele tu. Kilo iliyo kwenye gurudumu inasukumwa mbele na wakati huohuo inazungushwa, na ugumu wa kuizungusha unategemea imekaa umbali gani kutoka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Fanya jaribio hili nyumbani: chukua mpini wa fagio, funga mifuko miwili ya mchele ya kilo moja moja karibu kabisa na katikati, ushike hapo katikati kwa mkono mmoja, uusokote kushoto na kulia upesi. Kisha ihamishe mifuko, mmoja kila ncha, urudie. Uzito ni uleule wa kilo mbili, lakini mara hii mkono utagoma. Mifuko ikihamia mbali mara mbili zaidi, ugumu wa kuizungusha unaongezeka mara nne.

Sehemu ya gurudumu iliyo mbali kuliko zote ni uso wa tairi unaokanyaga lami. Huo unazunguka kwa mwendo uleule wa gari, kwa hiyo kilo moja pale inakula nguvu mara mbili ya kilo iliyo kwenye kiti. Hapo ndipo dari. Hakuna kitu kwenye gurudumu kinachoweza kuzidi mara mbili, kwa kuwa hakuna kilicho mbali kuliko hapo. Ukilichukua tairi zima, na kuta zake, linakuja kama mara 1.85. Rimu, ambayo uzito wake mwingi uko kwenye pipa, yaani duara la nje linaloshika tairi, ni kama mara 1.5. Diski ya breki iko karibu sana na habu, inaambulia mara 1.1 na kidogo tu.

Sasa tuingie kwenye gari lako. Rimu nzito ya kusubu ya inchi 18 mara nyingi inagonga kilo 11, na tairi la 225/40 kama kilo 10.5. Rimu nzuri ya inchi 17 inaweza kuwa kilo 7.5, na tairi la 215/45 kilo 9.5. Tofauti ni kilo 4.5 kila gurudumu, kilo 18 kwa gari zima. Ukizidisha rimu kwa 1.5 na tairi kwa 1.85, injini inaziona kama kilo 28. Gari lenye dereva ndani likiwa na kilo 1,450, hiyo ni asilimia 2. Kama lilikuwa linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 7, umepoteza kama sekunde 0.14.

Mbona basi unahisi limekufa zaidi ya hapo? Pima vipenyo. Namba ya kwanza ya tairi ni upana wake kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana huo. Tairi la 215/45 kwenye rimu ya 17 lina kipenyo cha milimita 625. La 225/40 kwenye 18 lina milimita 637. Umekuza gurudumu kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo kila gia imekuwa ndefu kwa kiasi hichohicho na nguvu inayofika lami imepungua kwa kiasi hichohicho. Nusu ya kujivuta kwa gari lako inatokana na ukubwa wa gurudumu, wala si uzito wake. Watu wengi hukosea hapa: wanashusha kipenyo na uzito kwa pamoja, gari likichomoka wanaisifu rimu peke yake.

Kugonga kwenye matuta ni jambo jingine, na kwa barabara zetu sisi tunaliona kubwa kuliko hizo sehemu za sekunde. Gurudumu, breki na nusu ya mikono ya suspensheni havikai juu ya springi. Vyote hivyo kwa kona moja ya mbele ni kama kilo 40. Ukiongeza 4.5, shokapu ina kazi zaidi ya asilimia 10 ya kulirudisha gurudumu chini baada ya kurushwa na tuta, na wakati gurudumu liko hewani halishiki barabara, halisimami wala halikati kona. Juu ya hilo umepunguza ukuta wa tairi kutoka milimita 97 hadi 90. Wakati wa masika, shimo limejaa maji na huoni kina chake, milimita hizo 7 ndizo zinazoamua kama rimu itagusa ukingo wa lami.

Ushauri wetu ni urudi inchi 17 zilizo nyepesi. Ukienda Kariakoo kutafuta, beba mzani wa kuning'iniza. Rimu ipimwe bila tairi. Igeuze uangalie nyuma kama kuna alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, na VIA, ya taasisi inayothibitisha majaribio yake. Alama hizo hutoka kwenye kalibu au huchongwa vizuri. Stika si alama. Nakala za rimu maarufu zinafanana na asili kwa mbele, lakini nyuma zinajisema zenyewe: spoku ni nene, hazijachimbwa, na mzani unapanda. Rimu za Rays aina ya TE37, zilizotoka mwaka 1996, zilipewa namba hiyo kwa sababu ile ya inchi 15 kwa upana wa 6 ililengwa kuwa na kilo 3.7. Ukiuziwa "TE37" ya inchi 15 yenye kilo 6, unajua umeshika nini.

Kuna rimu za kusubu, ambazo aloi iliyoyeyushwa inamiminwa kwenye kalibu. Kuna za kusubu ambazo baadaye pipa lake linakandamizwa na kuvutwa likiwa la moto hadi liwe jembamba na gumu; hizi ndizo tunazozipendekeza kwa mtu wa kipato cha kawaida, maana zinapunguza uzito palepale penye faida, mbali na habu. Kisha kuna za kufuliwa kwa kugandamizwa na mashine nzito, nyepesi na imara kuliko zote, na bei yake inajulikana. Kinachotutia hofu ni rimu ya kusubu iliyopunguzwa unene bila utaalamu. Kwenye lami ya Masaki itadumu. Kwenye shimo la barabara ya mtaani itapasuka pipa kwa ndani, mahali usipopaona, na dalili ya kwanza ni tairi kupungua upepo kila baada ya siku mbili. Paka maji ya sabuni pipa lote kwa ndani, si kwenye valvu tu. Rimu iliyowahi kuchomelewa kwenye pipa usiinunue hata ukipewa kwa bei ya bure, kwa sababu moto wa kuchomelea unalegeza aloi pembeni ya mshono, na hapohapo ndipo itakapofunguka tena.

WRX nyingi za zamani ni boliti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na tundu la habu ni milimita 56.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi ifungwe kwa pete ya kuziba nafasi hiyo, la sivyo gari litatetemeka kuanzia kilomita 80 hata ukibalansi mara tano. Ofuseti, yaani umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye habu, isome nyuma ya rimu ya kiwandani, na usitofautiane nayo kwa zaidi ya milimita 10.

Kwenye tairi, soma namba ya mzigo kabla ya kushangilia wepesi. 87 maana yake tairi linabeba kilo 545, 91 ni kilo 615. Tairi jepesi lenye namba ya chini kuliko ya kiwandani usilifunge.

Swali: Mimi ni mkazi wa Tabata, nina Altezza RS200 ya gia sita. Klachi imeisha. Fundi anashauri tukiwa tumeshusha gia boksi tupunguze flaiwili kilo 3 kwa kuikereza, au ninunue nyepesi ya chuma iliyotengenezwa hivyo. Nitaona tofauti? Na ipi salama?

Jibu: Tofauti utaiona, na hapa mambo ni tofauti kabisa na rimu. Flaiwili inazunguka pamoja na injini, haizunguki na magurudumu. Ukiwa gia ya chini inazunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, na uzito wake unakuzwa kwa uwiano wa gia ukizidishwa kwa wenyewe.

Chukua gari ambalo gia ya kwanza na difu kwa pamoja vinatoa 15 kwa 1, na tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 31. Ondoa kilo 3 kwenye flaiwili, sentimita 12 kutoka katikati. Ukiwa namba moja ni kama umeshusha kilo 100 kwenye gari. Namba mbili, uwiano wa 8.5, kilo 32. Namba tatu, uwiano wa 6, kilo 16. Namba nne, uwiano wa 4.2, zinabaki kilo 8. Mwendo mkubwa wa barabara kuu hautaona chochote. Utakachokihisi ni injini kupanda mizunguko upesi ukikanyaga na kushuka upesi ukiachia, na kwa dereva anayejua kulinganisha mizunguko wakati wa kurudisha gia, hilo ni jambo tamu sana.

Sasa gharama yake. Uzito wa flaiwili ndio akiba inayoivusha injini kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Ukiipunguza, gari linazimika kirahisi wakati wa kuondoka. Kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, AC imewashwa na unasogea mita mbili mbili, utajikuta unakanyaga mafuta zaidi na kusugua klachi zaidi. Kompresa ya AC ikishika, silensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, inadondoka. Kama valvu ya silensa ina masizi, injini itazimika. Isafishe kabla ya kulaumu flaiwili. Kwenye baadhi ya magari kompyuta hugundua silinda isiyolipuka kwa kuangalia mwendo wa kranki, mhimili mkuu wa injini, unavyoyumba, na flaiwili nyepesi inaweza kuidanganya ikawasha taa ya injini bila hitilafu.

Kama gari ni la kila siku, punguza robo hadi theluthi ya uzito, usizidi hapo. Kwa gari la mashindano pekee unaweza kwenda nusu.

Kukereza ile ya zamani hatukushauri. Flaiwili nyingi za kiwandani ni chuma cha kusubu, kigumu kwa kubana lakini dhaifu kwa kuvutwa. Ikiwa na kipenyo cha sentimita 28 na injini ikifika mizunguko 7,000, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 370 kwa saa. Mkereza akiacha kona kali pale alipokata, ufa unaanzia hapo. Ikipasuka inatoboa nyumba ya klachi, na miguu yako iko sentimita chache nyuma yake. Nunua ya chuma cha kufuliwa au cha kromiamu na molibdenamu, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini yako.

Hata hiyo mpya, ipeleke ikabalansiwe pamoja na presha pleti, bamba linaloibana sahani ya klachi. Gramu 10 zikizidi upande mmoja, sentimita 12 kutoka katikati, kwa mizunguko 7,000 zinavuta kranki kwa nguvu kama ya mtu wa kilo 65 anayening'inia, huku akibadilisha upande mara 117 kwa sekunde. Beringi za kranki hazivumilii hilo kwa muda mrefu.

Wakati gia boksi iko chini, badilisha kwa pamoja sahani ya klachi, presha pleti, rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati ya kranki na sili ya nyuma ya kranki. Sili ikivuja baada ya wiki mbili utalipa kazi yote upya, na mafuta yatakuwa yameiharibu sahani mpya. Boliti za flaiwili ziwe mpya. Uso wa kranki na mgongo wa flaiwili visuguliwe mpaka visibaki na kutu wala punje ya uchafu, kwa sababu unene wa karatasi tu pale katikati unaifanya flaiwili iyumbe ukingoni, na klachi itatetemeka kila unapoondoka. Kaza kwa kuvuka upande hadi upande, hatua tatu, ukimalizia kwa toki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Futa uso wa msuguano kwa breki klina. Flaiwili mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, na fundi mwenye haraka huyasahau. Meno ya shafti ya gia boksi yapake grisi kidogo sana, ya kung'arisha tu. Ikizidi itarukia sahani. Kisha uendeshe kilomita 500 za mjini taratibu kabla ya kulibana.

Na kama gari lako lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati, jua kwamba ukiweka ya kipande kimoja gia boksi itakuwa ikikereketa injini ikiwa silensa. Ni kelele ya meno yakigongana. Wapo wanaoizoea. Wengi hawaizoei.

Swali: Nina Mark X, ni otomatiki. Kuna fundi anataka kunifungia flaiwili nyepesi. Niko Mbagala.

Jibu: Gari lako halina flaiwili. Lina sahani nyembamba ya chuma yenye meno ya stata, na nyuma yake toki konvata iliyojaa mafuta ya gia boksi. Uzito uko kwenye hiyo konvata, na haupunguzwi kwa kuchonga. Pesa hiyo ipeleke kwenye matairi mazuri na shokapu, na mtafute fundi mwingine.

Swali: Mafundi, nina Chaser yenye injini ya 1JZ. Naona puli za alumini za kranki zenye rangi zinauzwa, wanasema zinaongeza nguvu. Nifunge? Niko Sinza.

Jibu: Kaka, usifunge. Itazame puli ya kiwandani kwa makini: kati ya chuma cha ndani na pete ya nje kuna mstari mweusi wa mpira. Puli hiyo inaendesha mikanda, na pia inameza msokoto wa kranki. Kila silinda ikilipuka inausokota mhimili wa kranki kidogo, nao unajirudisha kama springi. Kwenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kama 1JZ yako, kranki ni ndefu, na kuna mizunguko fulani ambapo misokoto hiyo inapokezana na kukua. Pete ya nje ikiwa juu ya mpira inakwenda kinyume nayo na kuizima. Ukiweka kipande cha alumini kitupu, hakuna kinachoizima. Yanayofuata ni boliti ya puli kulegea, gia ya pampu ya oili kupasuka, na mwishowe kranki yenyewe kupata ufa. Hayatokei siku ya kwanza, ndiyo maana muuzaji anaweza kukuapia kwamba hakuna tatizo.

Halafu faida yenyewe ni ndogo. Puli ni nyembamba, uzito wake uko karibu na katikati. Kilo moja na nusu pale haikupi hata robo ya kile unachokipata kwenye flaiwili. Ikiwa puli mpya ni ndogo kwa kipenyo pia, alternata na wota pampu kama inaendeshwa na mkanda huo zitazunguka polepole: taa zinafifia kwenye foleni, AC inapoa kidogo, na joto la injini linapanda saa ile ambayo Dar nayo ina nyuzi 33.

Badala yake, kagua mpira wa hiyo ya kiwandani. Gari lina zaidi ya miaka ishirini. Chora mstari kwa rangi nyeupe kutoka kwenye chuma cha ndani hadi pete ya nje, endesha wiki mbili, kisha tazama. Mstari ukiwa umekatika na pande mbili haziangaliani tena, mpira umeachia. Nunua puli mpya ya aina ileile.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni dada ninayependa magari, nina GT86 na ninaishi Kigamboni. Nataka kupunguza uzito wa diski za breki. Nichukue ndogo, zenye matundu, au zile za vipande viwili?

Jibu: Nzuri, dada. Tunafurahi umeuliza kabla ya kununua.

Diski ni sufuria ya kubebea joto. Gari la kilo 1,400 na dereva wake likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, linaachia kama kilojuli 540. Breki za mbele zikibeba asilimia 70, kila diski ya mbele inapokea karibu 190. Diski ya kilo 7 itapanda joto kwa karibu nyuzi 60 kwa kusimama mara moja. Ya kilo 5 itapanda zaidi ya 80. Mara moja si kitu. Mara nane mfululizo kabla haijapoa, hiyo ya kilo 5 ndiyo itakayopikisha pedi na kuchemsha mafuta ya breki, na pedali itazama. Na umeona hapo juu kwamba kilo ya diski, kwa upande wa kuzunguka, inakula mara 1.1 tu. Kwa hiyo usipunguze chuma kinachosuguliwa.

Za vipande viwili ndizo jibu sahihi, kwa sababu kofia ya katikati ni ya alumini na pete ya chuma inabaki na unene wake. Unapata kilo moja au moja na nusu kila upande, zote zikiwa uzito usiobebwa na springi, na pete ina nafasi ya kutanuka ikipata moto bila kupinda. Kagua vipini vinavyounganisha kofia na pete kila unapobadilisha pedi. Upepo wa bahari wa Kigamboni una chumvi, na pale alumini inapokutana na chuma ndipo kutu huanza. Zenye matundu ziache: nyufa huanzia kwenye ukingo wa tundu na kutembea hadi jingine. Mifereji ya juujuu inatosha.

Chumvi hiyohiyo inatufanya tusikushauri rimu za magnesiamu. Ni nyepesi kuliko alumini, lakini kokoto ikibandua rangi kidogo tu, zinaliwa.

Swali: Nati za alumini zinapunguza uzito? Na speza?

Jibu: Nati ziko sentimita 5 au 6 kutoka katikati, hazizidishi kitu, na za alumini huchubuka meno zikikazwa na mashine. Tumia za chuma. Kwa Toyota nyingi zenye stadi (boliti za gurudumu) za milimita 12, kaza kwa 103 Nm kwa spana ya toki, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Angalizo moja la maana: nati nyingi za rimu za kiwandani za Toyota zina washa bapa, wakati rimu nyingi za kununua zinataka nati yenye koni ya nyuzi 60. Ukifunga ya washa bapa kwenye tundu la koni inakaa juujuu, inalegea, na gurudumu linachomoka. Speza, kile kipande kinachosogeza rimu nje, inaongeza uzito na mzigo kwenye beringi. Rimu yenye ofuseti sahihi haihitaji speza.

Swali: Nimesoma kuna rimu za kaboni. Ni maonyesho tu au kweli zinafanya kazi? Niko Upanga.

Jibu: Zinafanya kazi. Ford waliziweka kiwandani kwenye Mustang Shelby GT350R mwaka 2015, zimetengenezwa na Carbon Revolution ya Australia: kilo 8 na kidogo kwa rimu, wakati ya alumini ya ukubwa huohuo ni kilo 15. Porsche nao walizitangaza mwaka 2017 kwa 911 Turbo S Exclusive Series, zikapunguza kilo 8.5 kwa seti nzima. Zinashinda kwa sababu pipa zima ni kaboni, mbali na habu. Kwa Dar, ugumu uko kwenye kuzikagua. Rimu ya alumini ikipigwa na shimo mara nyingi inapinda ukaona. Kaboni inaweza kuchanika matabaka ndani huku nje imenyooka, na kuibaini kunahitaji vifaa ambavyo gereji za mtaani hazina.

Swali: Nitajuaje kama pesa yangu imefanya kazi, mbali na kujisikia?

Jibu: Pima kabla na baada, siyo baada tu. Barabara ya watu si uwanja wa mbio, na mjini kikomo ni kilomita 50, kwa hiyo pima muda wa kupanda kutoka kilomita 20 hadi 50 kwa saa ukiwa gia namba mbili, alfajiri, sehemu tambarare isiyo na watu. Mafuta nusu tangi, AC imezimwa, upepo wa matairi uleule. Mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, kisha chukua wastani, maana upepo wa pwani peke yake unaweza kukuongopea. Ukibadilisha kipenyo cha tairi usiamini spidomita, tumia GPS. Ile ya simu mara nyingi husoma mara moja kwa sekunde, haioni sehemu za kumi. Tafuta kipokezi kinachosoma mara 10 kwa sekunde.

Kwa flaiwili kuna kipimo rahisi zaidi, gari likiwa limesimama. Injini ikiwa imepata moto, weka nyutro, simu irekodi video ya saa ya mizunguko. Panda hadi 4,000, achia ghafla, kisha hesabu kwenye video muda wa kushuka hadi 1,500. Rudia baada ya kubadilisha.

Na rimu, panda nayo kwenye mzani wa bafuni, toa uzito wako. Andika kilo kwa maka peni ndani ya pipa, ya rimu tupu na ya rimu na tairi, ili siku ya kubadilisha matairi ujue tairi jipya limekuongezea ngapi.